Bunduki ya moshi: askari wa Mjerumani na Mauser ya 1871

Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 ina kasoro moja ambayo huioni kwenye picha. Ukishafyatua, unanyanyua mkono wa komeo, kile chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma, unavuta nyuma, na ukucha mdogo wa chuma unalichomoa ganda tupu kutoka chemba. Basi, kazi ya mtambo inaishia hapo. Hakuna kinacholirusha ganda nje. Askari anailaza bunduki ubavu, kama mtu anayemwaga machicha ya chai yaliyobaki kikombeni, ganda lidondoke lenyewe. Ndipo atie mkono kwenye mkoba wa risasi, atoe nyingine, aipachike kwa vidole, asukume komeo mbele na kulilaza. Risasi imekuwa moja. Akitaka ya pili, anaanza upya.

Halafu kuna moshi. Baruti nyeusi ikilipuka huacha wingu jeupe, zito, linalonuka kiberiti, na vichakani ambako hakuna upepo wingu hilo halina haraka ya kuondoka. Linaning'inia juu ya majani palepale alipolala mtu aliyefyatua. Aliye upande wa pili hahitaji kumwona. Anapiga chini ya moshi.

Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza vilipofika Tanga, hiyo ndiyo iliyokuwa bunduki ya askari wengi wa Kiafrika waliokuwa chini ya bendera ya Ujerumani. Wajerumani wenyewe kwao walikuwa wameiacha zamani. Walishaingia kwenye 71/84, iliyoficha risasi 8 kwenye bomba chini ya mtutu, wakaja na ya 1888 iliyotumia baruti isiyo na moshi, kisha ya 1898, ile ya risasi tano inayosifiwa na mafundi hadi leo. Kampuni chache tu za jeshi la koloni zilikuwa zimepewa hiyo ya 98. Wengine walibaki na ya mwaka 71, silaha yenye miaka 43, ambayo huenda ilikuwa imewazidi umri hao walioibeba.

Tukiizungumzia vita ile, mara nyingi tunasimuliwa habari za mtu mmoja: Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mbweha aliyewakimbiza Waingereza miaka minne, hakushindwa, na "askari wake watiifu" wakamfuata mpaka mwisho. Simulizi hiyo nimeichoka. Sisemi ni uongo mtupu. Jamaa alijua vita. Lakini ukiiacha picha ya jenerali ukaitazama bunduki, unaona jambo jingine: dola lililowategemea watu hawa kwa kila kitu liliogopa kuwapa silaha iliyokuwa ikiwapa wanajeshi wake wengine. Mimi naona hofu hiyo ndiyo iliyopanga nani ashike nini. Uchumi ulikuwepo, nitaufikia.

Tuanze na kule ilikotoka. Ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, walikuwa wana wa fundi bunduki wa Oberndorf, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani. Bunduki yao ndiyo iliyoivisha silaha dola mpya ya Ujerumani baada ya kuishinda Ufaransa. Kwa wakati wake ilikuwa silaha ya maana sana: risasi ya milimita 11, kichwa chake cha plumbi (madini ya risasi) cha gramu 25, kikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 430 hivi kwa sekunde. Uzito wa bunduki nzima, kilo 4 na nusu. Mwishoni mwa komeo, kwa nyuma, kuna kibawa kidogo cha kufungia mtambo usifyatuke. Kibawa hicho kilikaa kwenye Mauser zote kubwa zilizofuata. Ulaya ilipogundua baruti isiyo na moshi katika miaka ya 1880, maghala ya Ujerumani yakabaki yamejaa silaha nzima, zilizopakwa mafuta, zisizo na kazi.

Kazi ikapatikana Mrima. Mwaka 1889 ofisa wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitua pwani kupambana na Bushiri bin Salim na watu wa pwani waliokuwa wamewafukuza maofisa wa kampuni ya Kijerumani. Alikuja na askari wa kukodi, Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka kusini, Msumbiji, na mikononi mwao zilikuwamo Mauser za zamani. Desemba ya mwaka huohuo Bushiri alinyongwa Pangani.

Mwaka uliofuata madola ya Ulaya yalitia saini mkataba wa Brussels. Kwa jina ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha: katika ukanda mpana wa Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi 22 kusini, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa isipokuwa kwa mikono ya serikali. Mwafrika wa kawaida aliruhusiwa kununua gobore, ile ya kushindilia baruti kwa mdomo na kuwashwa kwa jiwe. Watu husoma mkataba ule kama habari ya utumwa tu, na mimi nasema wanaruka ukurasa mzito kuliko yote. Pale palijengwa ngazi. Chini kabisa raia na gobore lake. Juu mzungu na bunduki mpya. Katikati, askari mweusi na ya 1871.

Mkwawa alijaribu kuipanda ngazi hiyo kwa mkono wake. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, karibu na Iringa, Wahehe waliuvizia njiani msafara wa kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, watu wamejipanga mstari mrefu mmoja nyuma ya mwingine, punda na mizigo katikati. Inaelezwa kwamba askari walipata nafasi ya kufyatua mara moja, wengine mara mbili. Fikiria tena ile habari ya kuinamisha bunduki ganda lidondoke, na mtu mwenye mkuki yuko hatua kumi kutoka kwako anakimbia. Zelewski akafa, na sehemu kubwa ya msafara wake ikafa naye. Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300.

Bunduki 300 za komeo, na bado ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894. Ganda la shaba na fataki yake ni mali ya kiwandani, hutengenezi kwa fundi wa kijijini kama risasi ya gobore unayoisubu mwenyewe. Mkwawa aliteka chuma, ila kiwanda cha risasi hakikuwa Iringa. (Jina la Lugalo leo wakazi wa Dar es Salaam wanalijua zaidi kwa kambi ya jeshi na hospitali yake. Sijui ni wangapi wanaopita pale kwa daladala wanaofikiria mstari ule wa askari.)

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa silaha wa mitandaoni hulikwepa. Ukisoma wanavyoziandika bunduki hizi, unaweza kudhani "utumishi" wake ulikuwa Tanga na vita kuu. Hapana. Kwa miaka 25 kabla ya Tanga, kazi kubwa ya Mauser ya 71 katika nchi hii ilikuwa kuwapiga wenye nchi. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipowaambia watu kwamba dawa itazigeuza risasi kuwa maji, risasi zilizokuwa zikizungumzwa ni hizihizi, za plumbi laini, ambazo zikigonga mfupa hutanuka na kuusaga. Waliobeba dawa ile walikuwa na magobore na mikuki. Mahenge walikutana pia na bombomu, bunduki ya kumimina risasi mfululizo. Baada ya hapo askari walitumwa kuchoma vijiji na maghala ya nafaka, na njaa ikamaliza walioponea risasi. Makadirio ya wanahistoria wa Tanzania hufikia watu laki 2 na nusu hadi laki 3. Askari aliyeshika bunduki ya pili kwa ubora alikuwa bado na bunduki, na aliitumia. Simwandikii utetezi.

Sasa hoja ya uchumi. Bunge la Ujerumani lilikuwa bahili kwa makoloni, na maghala yalijaa silaha za bure. Kwa nini ununue mpya? Ni hoja ya haki, na ingenitosha kama isingekuwa Namibia. Kule Afrika ya Kusini-Magharibi jeshi la koloni lilikuwa la wazungu watupu. Walipopigana na Waherero mwaka 1904, walikuwa na bunduki za 88 na za 98. Dola lilelile, hazina ileile, na bara ni hilihili. Huko moshi haukuwa wa kuvumiliwa. Huku ulivumilika miaka kumi zaidi.

Waingereza nao walikuwa na kanuni yao. Baada ya uasi wa 1857 kule India, walihakikisha vikosi vya Wahindi vinabeba silaha iliyo nyuma kizazi kimoja kulinganisha na ya vikosi vya Kiingereza. Ndiyo maana vita vya Tanga vinanivutia kwa sababu tofauti na ile ya nyuki. Habari ya nyuki kila mtu anaijua: mizinga ikavurugwa na risasi, nyuki wakawatoa mbio askari wa Mfalme, magazeti yakasema Mjerumani kafuga nyuki wa vita. Sawa. Lakini wale waliotua ufukweni, karibu watu 8,000 chini ya Jenerali Aitken, walikuwa na baadhi ya vikosi vya Kihindi vilivyokabidhiwa Lee-Enfield mpya muda mfupi tu kabla ya kupanda meli. Mikono ilikuwa imezoea silaha nyingine. Wakawa baharini kwa wiki kadhaa, wakitapika, na ya kwanza kuzoeana na bunduki zao ikawa vichaka na mashamba ya Tanga.

Kwa hiyo walikutana watu wa dola mbili ambazo zote hazikuwaamini. Mmoja ana bunduki nzee aliyoizoea kama jembe lake, mwingine ana mpya asiyoijua. Mwenye nzee alishinda. Watu wapatao 1,000 waliwarudisha 8,000 melini, na waliokufa, kujeruhiwa na kupotea upande wa Waingereza walizidi 800. Ufukweni ziliachwa mamia ya bunduki za Lee-Enfield, bombomu 16, na risasi za kufika nusu milioni. Ngazi ya Brussels ikavunjika katika siku moja. Askari wa Mjerumani akapata bunduki ya kisasa, na aliyempa ni Mwingereza.

Baada ya hapo historia ya silaha za jeshi lile ni historia ya kuokota. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojigeuza meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilikimbizwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaishia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Nahodha akaizamisha kwenye kina kifupi. Waingereza wakaipiga mizinga, wakaiona inaungua, wakaondoka. Wajerumani wakarudi na wapiga mbizi wakatoa bunduki za 98 zipatazo 1,800 na mamilioni ya risasi. Risasi zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani, maganda yakafutwa, kisha zikaungwa tena. Nyingine zikifyatuliwa zilinyamaza tu. Ukikoki na kuvuta triga ukasikia "tak" kavu, ujue bahari ya Hindi imo ndani. Machi 1916 ikaja Marie, ikatia nanga Sudi, kusini mwa Lindi, na shehena yake ikaingia bara juu ya vichwa vya watu.

Vichwa vya watu ndipo hesabu ya bunduki inapokuwa chungu. Chukua mzigo wa pagazi, kilo 25. Risasi moja ya 71, pamoja na ganda na baruti yake, inazidi gramu 40. Kwenye mzigo huo hazifiki 600. Za 98, ambazo kichwa chake ni gramu 10 badala ya 25, zinakaribia 1,000. Kwa maneno mengine, kampuni iliyobaki na bunduki ya zamani ilihitaji karibu watu wawili pale ambapo mwenzake alihitaji mmoja, na kila mtu wa ziada alikula, aliugua kuhara, alikufa njiani au alitoroka usiku. Waliobeba kwa upande wa Mwingereza ndio waliotuachia jina la Kariakoo, kutoka "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi, na waliokufa miongoni mwao hukadiriwa kukaribia laki moja. Ubahili wa Berlin ulilipwa na shingo za watu ambao hawakuwa na bunduki yoyote, wala mpya wala nzee.

Novemba 25, 1917, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akiwa na askari waliokonda na mikoba iliyokonda zaidi. Siku hiyohiyo akaivamia kambi ya Wareno pale Ngomano, mto Lugenda unapoungana na Ruvuma. Ndani ya saa chache mambo yamegeuka: bunduki mia kadhaa, bombomu, risasi laki 2 na nusu, nguo, chakula. Askari wakaanza kuzitupa za kwao na kushika za Mreno. Hapo ndipo bunduki ya moshi ilipostaafu. Hakuna aliyepiga gwaride la kuiaga. Iliachwa porini Msumbiji kwa sababu hapakuwa na maana ya kuendelea kuitafutia risasi.

Mwaka mmoja kamili baadaye, Novemba 25, 1918, jeshi lile liliweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Waafrika waliojipanga walikuwa askari 1,168 na mapagazi 1,522. Walikabidhi mzinga mmoja wa Mreno, bombomu 37, na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani haikuwamo hata moja. Jeshi la Kaisari lilimaliza vita likiwa na silaha za maadui zake, na Kaisari mwenyewe alikuwa ameshakimbilia Uholanzi wiki mbili kabla.

Ukienda Posta, Dar es Salaam, sanamu la Askari lililozinduliwa mwaka 1927 limesimama pale ambapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Wissmann. Askari wa shaba ameinama kidogo, singe mbele, anaelekea bandarini. Ni askari wa Mwingereza, mtu wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Wale wa Abercorn hawamo, na wapagazi wanatajwa kwenye maandishi chini. Nimesimama pale mara nyingi nikisubiri gari, na ninachokitazama siku zote ni mikono yake: imeshika bunduki vizuri, kwa mazoea, kama mtu aliyeizoea kabla ya kuichagua.

Ngazi nayo haikufa. Miaka ya 1950, Keya walipokuwa wakiwasaka Mau Mau milimani Kenya wakiwa na silaha za Kiingereza, wapiganaji wa msituni walijitengenezea bunduki zao kwa bomba la maji, kitako cha mti, mpira wa tairi la ndani uliokatwa vipande badala ya springi, na komeo la mlango. Komeo la mlango kabisa, lile la duka la vifaa. Nyingi zilikuwa hatari kwa mpigaji kuliko kwa mpigwa. Mkoloni alikataza bunduki, akasahau kwamba anauza milango. Na kaskazini mwa Kenya, miongo mingi baada ya uhuru, askari wa akiba wa vijijini walipewa .303 ya komeo wakabiliane na wezi wa mifugo wenye AK. Serikali ni ya wananchi sasa, na hoja ninayoisikia ikitolewa ni ileile ya zamani: tukiwapa nzuri, watatugeuzia.

Kuna kisa cha Mwanza, mwaka 1964, kinachosimuliwa sana. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa zamani mishahara waliyodai tangu vita. Wazee wakafika, wachache wakiwa na vyeti, wengine na vipande vya sare, wengi bila kitu. Ofisa aliyeleta fedha akabuni mtihani: kila mzee alipewa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani kuuweka begani, kuushusha, kuusimamisha. Inasemwa hakuna hata mmoja aliyekosea. Wajerumani hukisimulia kwa machozi ya furaha, eti utiifu. Mimi namwona mzee wa miaka sabini na ushei, juani, anacheza kwata na ufagio ili apate mshahara wake wa miaka 46 iliyopita. Amri zilikuwa za begani na miguuni tu. Ufagio hauna komeo, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa jinsi unavyoilaza ubavu ili ganda lidondoke.